Zamu ya Usiku Nayo ni Masomo: Vijana Wetu na Safari ya Udaktari Marekani



Nianze na wazazi. Wengi wenu mlisoma Tanzania, Kenya au Kongo, na picha mliyo nayo ya namna mtoto anavyofika kwenye udaktari ni ya kule. Tanzania kijana humaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na ufaulu wake ukitosha huingia Muhimbili au Bugando moja kwa moja. Husoma miaka mitano, hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini, basi ni daktari. Kenya kinachoamua ni matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na miaka ya masomo ni sita. Ndiyo maana mzazi aliyeko Columbus au Minneapolis, akisikia mwanawe anasoma biolojia "kwa ajili ya udaktari", hupiga simu Mwanza siku hiyo hiyo kuwaambia ndugu kwamba mtoto keshaingia udaktari. Hajaingia. Ukiacha programu chache zinazounganisha masomo yote, huku udaktari huombwa baada ya shahada ya kwanza, na miaka ile minne ya shahada ndiyo mtihani wenyewe. Tena ni mtihani usio na mtaala uliobandikwa ukutani. Kijana anaweza kusoma historia au muziki akapokelewa, maadamu amepita masomo ya lazima: biolojia, kemia ya kawaida, kemia kaboni na fizikia pamoja na maabara zake, kisha biokemia, na kwa vyuo vingi hesabu au takwimu, na uandishi.

Utaratibu huu una historia yake. Chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1893, kilidai kila anayeingia awe na shahada. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye mwenyewe hakuwa daktari, alichapisha ripoti juu ya vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada. Alikuta 16 tu vikidai angalau miaka miwili ya chuo kikuu kabla ya kuanza tiba. Vingi kati ya vilivyobaki viliridhika na elimu ya sekondari au pungufu ya hapo. Ripoti ile iliharakisha kufungwa kwa vyuo vibovu, lakini ilichangia pia kufungwa kwa vyuo vitano kati ya saba vilivyokuwa vikifundisha madaktari weusi. Vikabaki Howard mjini Washington na Meharry mjini Nashville. Nalitaja hili kwa sababu pengo lile halijazibika hadi leo. Kijana wetu anaingia darasa la kemia kaboni lenye watu mia mbili, hana mjomba daktari wa kumuuliza njia, na mshauri wa chuo anampa dakika ishirini kwa muhula. Anachofanya ni kuwaigiza wenzake waliozaliwa kwenye nyumba za madaktari. Hapo ndipo anapopotea.

Tazameni kwanza kinachoombwa. Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba vyuo vya tiba vinavyotoa shahada ya M.D., na wanaoanza masomo ni takriban 23,000. Wanaopokelewa huwa na wastani wa alama unaokaribia 3.8 kati ya 4, na alama za mtihani wa kuingilia vyuo vya tiba, MCAT, zinazozunguka 512 kati ya 528. Juu ya masomo, basi, hakuna mjadala. Lakini fomu ya pamoja ya maombi, AMCAS, ina sehemu nyingine ambayo vijana wengi huifikia mikono mitupu. Ina nafasi 15 za kueleza ulifanya nini nje ya darasa: kazi ya mshahara, kujitolea, utafiti, uongozi, kufundisha, hata michezo. Kila nafasi ina herufi 700, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Tatu kati ya shughuli hizo unaruhusiwa kuziongezea herufi 1,325 ukieleza kwa nini zilikuwa na uzito kuliko nyingine. Hakuna anayekulazimisha kujaza zote 15.

Wanaosoma fomu hizo wanatafuta mambo machache. Je, huyu anaijua kazi ya kukaa na mgonjwa, au ameipenda kwenye televisheni? Je, kuna watu waliomtegemea naye hakuwaangusha? Je, aliwahi kudumu mahali hata pale ambapo hakuna aliyemwangalia? Kwa maswali haya vijana wa jamii yetu wana majibu mazito kuliko wengi, na huyaficha.

Chukueni binti wa mwaka wa pili ambaye Ijumaa usiku ni CNA, yaani mhudumu wa wagonjwa mwenye cheti, katika nyumba ya kutunzia wazee. Wengi wetu humu tumeifanya kazi hiyo au tunaifanya bado. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo yake yasipungue saa 75, na kwa cheti hicho ameajiriwa kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Ana mzee ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Kila baada ya saa mbili anamgeuza, ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Anaweka mto kati ya magoti na kuinua visigino visiguse godoro, halafu anamulika ngozi ya chini ya mgongo, pale mfupa unapokaribia kutokeza. Mzee huyu ni mweusi, na katika ngozi nyeusi ule wekundu wa mwanzo unaotajwa vitabuni hauonekani vizuri. Kwa hiyo binti anagusa kwa nyuma ya vidole, asikie kama pana joto kuliko pembeni, kama pamekuwa pagumu. Usiku huo panamtia shaka. Anamwita nesi, anaandika kwenye kumbukumbu za zamu, na zamu inayofuata anauliza palikuwaje.

Huyo ameshaanza kufikiri kama daktari. Amechunguza, amelinganisha, ametambua mpaka wa uwezo wake, ametoa taarifa, na amerudi kufuatilia. Sasa someni anachoandika kwenye fomu: "Nilifanya kazi katika nyumba ya wazee, ambako nilijifunza huruma na ushirikiano." Mstari mmoja na nusu. Kisha anatumia nafasi nzima kueleza kwamba alikuwa katibu wa klabu iliyokutana mara tatu. Nikimuuliza binti wa namna hii kwa nini, jibu huwa lile lile: hiyo ni kazi ya kuosha wazee tu, nilifanya kwa sababu ya pesa. Wazazi, maneno hayo ameyasikia kwetu. Ni sisi tunaoizungumzia kazi hiyo kwa sauti ya chini kwenye sherehe, kana kwamba ni aibu tunayoisubiri ipite. Hakuna mwanafunzi wa kutembea nyuma ya daktari wodini saa nne kwa wiki atakayeujua mwili wa mgonjwa kama anavyoujua huyu. Na kulipwa hakuipunguzii kazi hiyo thamani yoyote mbele ya kamati za udahili.

Ushauri wangu wa kwanza kwa vijana, basi, ni daftari. Baada ya zamu, kabla ya kulala, andika mistari mitano: nini kilitokea, ulifanya nini, nini hukukielewa. Usiandike jina la mgonjwa wala chochote kitakachomtambulisha, kwa sababu sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri zake, na heshima inamlinda hata pasipo sheria. Andika na idadi ya saa. Miaka miwili baadaye, fomu itakapokuuliza, hutabaki na neno "huruma" peke yake. Na nesi msimamizi aliyekuona ukirudi kuuliza hali ya ngozi ile atakuwa na la kuandika kwenye barua yako ya mapendekezo, jambo ambalo profesa wa darasa la watu mia mbili halijui.

Kuna kazi nyingine ambayo hamuihesabu kabisa. Ni wangapi humu walimsindikiza mama au bibi hospitali wakiwa na miaka kumi na miwili, daktari akasema, wao wakatafsiri? Nalisema hili kwa uchungu: mtoto kubebeshwa kumwambia bibi yake kwamba uvimbe ule ni saratani ni jambo lisilofaa. Tangu mwaka 2016 kanuni za shirikisho, zilizotokana na sheria ya bima ya afya ya 2010, zinakataza hospitali kuwategemea watoto kutafsiri, isipokuwa kwa dharura. Wazazi, daini mkalimani. Ni haki yenu na hamlipi. Na wewe uliyekua ukiifanya kazi hiyo bila mafunzo, ukishatimiza miaka 18 tafuta kozi ya ukalimani wa kitabibu ya saa 40, ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa na wanaotoa vyeti vya kitaifa. Utafundishwa kutoongeza, kutopunguza, na kumwachia mgonjwa aseme mwenyewe. Wakimbizi kutoka Kongo waliopita kambi za Nyarugusu na Kakuma wameijaza miji kadhaa ya Marekani kwa wazungumzaji wa Kiswahili, na kliniki nyingi zinahangaika kupata mtu wa kukaa kati ya daktari na mgonjwa. Kijana anayefanya kazi hiyo kwa miaka miwili amesikia mazungumzo ya daktari na mgonjwa mara nyingi kuliko wanafunzi wengi wa udaktari wa mwaka wa kwanza.

Lakini zamu ya usiku ina gharama, na hapa nawaomba wazazi mnivumilie. AMCAS huhesabu kila somo ulilosoma katika chuo chochote cha Marekani, pamoja na vyuo vya jamii vya miaka miwili, hata masomo ya chuo uliyochukua ukiwa bado sekondari. Ukifeli kemia ukairudia ukapata A, alama zote mbili zinaingia kwenye wastani. Hakuna kufuta. Mwaka wa kwanza mbaya huchukua miaka mitatu mizuri kuurekebisha, na wakati mwingine hata hiyo haitoshi. Sasa kijana aliyetoka zamu saa moja asubuhi ana mtihani wa kemia saa tatu. Tunajua matokeo. Maoni yangu ni kwamba mwaka wa kwanza zamu moja kwa wiki inatosha, na wiki za mitihani hata hiyo iachwe. Saa ziongezwe likizo ya kiangazi.

Mtaniambia hilo ni rahisi kusema. Kijana analipa sehemu ya kodi ya nyumba hapa, na ada ya mdogo wake Tabora. Naijua hesabu hiyo. Ndiyo maana silisemi kwa kijana peke yake. Nalisema mbele yenu wakubwa, kwa sababu yeye hawezi kupunguza zamu mpaka ninyi mkae na kukubaliana ni nani mwingine atabeba mzigo huo kwa miaka minne. Tunachangia harusi kwa kamati na vikao vya kila wiki. Kikao kimoja kwa ajili ya saa za kijana mmoja hakituzidi nguvu. Na ikishindikana kabisa, ikawa lazima afanye kazi saa 25 kwa wiki, basi aombe masomo machache kwa muhula, achukue miaka mitano badala ya minne, na aieleze hali hiyo kwenye maombi yake. Tangu maombi ya mwaka 2024, AMCAS ina sehemu ya hiari ya kueleza mazingira magumu yaliyoathiri safari ya mwombaji. Kijana aliyezaliwa kambini Nyarugusu akaanza Kiingereza akiwa na miaka 14 asiiache tupu sehemu hiyo kwa kuona haya.

Juu ya kuongozana na daktari kazini sina mengi. Ni lazima, maana kamati inataka kujua kwamba umeiona kazi ya daktari mwenyewe, mbali na ile ya nesi au mhudumu. Saa 40 au 50 zilizogawanywa kati ya madaktari wawili watatu, mmoja wao akiwa daktari wa familia, zinatosha. Anza na daktari anayekutibu wewe. Wengine waandikie barua pepe fupi. Wengi hawatajibu, usivunjike moyo. Utafiti wa maabara nao ni mzuri ukiupenda, na ni wa lazima kwa anayetaka kuunganisha M.D. na Ph.D. Asiyeupenda asijilazimishe kuosha vyombo vya maabara miaka mitatu kwa sababu ameambiwa lazima. Mshika mbili moja humponyoka, na nimeona vijana wakishika nane.

Jambo linalonigusa zaidi ni safari za kujitolea Afrika. Mnaziona picha hizo: mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Marekani, amevaa nguo za upasuaji, yuko katika hospitali ya mkoa Tanzania au ya kaunti Kenya, ameshika sindano. Kampuni zinazouza safari hizo hulipwa maelfu ya dola. Na sasa watoto wetu nao wanataka kwenda, kwa sababu nzuri, kwani ni kwao na lugha wanaijua. Nawaambia: nendeni, lakini msifanye kwa mgonjwa wa Tabora kitu ambacho msingeruhusiwa kumfanyia mgonjwa wa Minneapolis. Kama huna ruhusa ya kushona jeraha hapa, huna ruhusa ya kulishona kule, hata daktari aliyechoka akikupa uzi. Chama cha vyuo vya tiba vya Marekani, AAMC, kilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2011, na kamati zinazosoma kwenye fomu kwamba mwanafunzi alizalisha mama au kuchoma sindano bila mafunzo humtilia shaka yeye. Mimi sihitaji mwongozo ili kulisema. Yule mama aliyelala pale ni shangazi wa mtu, na hakuulizwa kama anakubali kuwa somo la mgeni. Ukienda, kaa na muuguzi mkuu, msaidie kupanga mafaili, safisha, wasikilize wanaosubiri kwenye mabenchi tangu alfajiri, uliza dawa zimeishia wapi. Hayo utayaandika bila woga.

Sasa kalenda, maana hapa makosa ni ya kuhesabu miezi. Fomu hufunguliwa Mei na huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa ajili ya kuanza masomo mwaka unaofuata, karibu na Agosti. Uhakiki wa alama huchukua wiki kadhaa. Vyuo vingi huwaita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyofika, kwa hiyo anayetuma Oktoba anagombania viti vilivyobaki, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Kwa hiyo anayetaka kuanza udaktari mara tu baada ya kuhitimu lazima awe ametuma maombi mwishoni mwa mwaka wa tatu, na MCAT awe ameufanya kabla ya hapo, akiwa amemaliza biokemia na amesoma saikolojia na sosiolojia, kwa kuwa tangu 2015 mtihani huo unazipima pia. Ni mtihani wa karibu siku nzima, na matokeo huchukua takriban mwezi mmoja. Usiufanye kwa kujaribu bahati. Vyuo huziona alama za kila mara uliyofanya.

Kwa kijana anayefanya kazi, kukamilisha hayo yote kabla ya mwisho wa mwaka wa tatu ni kubanwa mno. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya tiba siku hizi huwa wamepumzika mwaka mmoja au zaidi baada ya shahada. Wazazi, mwaka huo haujapotea. Humpa kijana alama za mwaka wa nne kwenye wastani wake, muda wa kujiandaa na MCAT bila mitihani mingine, na nafasi ya kufanya kazi ya kliniki kwa saa kamili. Ndugu wa Mwanza wakiuliza mbona bado, waambieni yuko kazini.

Mjue pia jimbo mnaloishi. Vyuo vya serikali ya jimbo huwapendelea wakazi wake. Texas, kwa mfano, sehemu kubwa ya viti hutengewa wakazi wa jimbo, na ina fomu yake yenyewe, TMDSAS. Na msidharau vyuo vya tiba ya osteopathia, vinavyotoa shahada ya D.O., vyenye fomu ya AACOMAS. Daktari wa D.O. ana leseni kamili, anapasua, anaandika dawa, anaingia taaluma yoyote.

Namalizia na hati na fedha. Mwenye grini kadi huomba kama raia. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi kwa kawaida anastahili mikopo ya shirikisho, ingawa kuanzia Julai 2026 wakopaji wapya wa udaktari wana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, kiasi kisichotosha katika vyuo vingi vya binafsi. Aliye na viza ya F-1 yuko kwenye njia nyembamba zaidi: vyuo vingi vya M.D. havimpokei, na baadhi ya vinavyompokea hutaka ada iwekwe benki kabla ya kuanza. Wenye kipato kidogo waombe msaada wa ada wa AAMC kabla ya kujiandikisha MCAT, kwa sababu hauhusu malipo yaliyokwisha kufanyika. Hupunguza ada ya mtihani na kukulipia maombi ya AMCAS kwa vyuo hadi 20. Vyuoni mwenu ulizeni kama lipo tawi la MAPS, lililo chini ya chama cha wanafunzi weusi wa udaktari, SNMA, kilichoanzishwa mwaka 1964 na wanafunzi wa Howard na Meharry. Huko mtawakuta waliowatangulia kwa hatua mbili tu.

Nawakaribisha kwa maswali. Naomba tuanze na vijana wa mwaka wa kwanza, na swali la hati lisionewe haya, kwa kuwa anayeliuliza leo ana miaka mitatu ya kulishughulikia.